Mwisho wa Mstari wa Nyuma

Tarehe 4 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo nimeapa kukuambia yote bila kuruka neno, kwa sababu nina shida ambayo katika ukoo mzima ni wewe tu unayeweza kuitatua. Salamu kwanza. Baba hajambo, mgongo umetulia. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unakula umesimama kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Mimi ni mzima, na hesabu nimepanda.

Sasa shida yenyewe. Kila mwaka kila darasa hupigwa picha, lakini ya darasa la mwisho ndiyo hutundikwa kwenye korido ya ofisini na haitolewi tena. Zipo za tangu shule ilipofunguliwa, na chini ya kila moja kuna majina yaliyopigwa chapa, mstari kwa mstari. Mwaka huu ni zamu yetu. Mpiga picha ni yuleyule wa siku zote. Tunamwita Bwana Tabasamu kwa sababu ndilo neno analopiga kelele kabla ya kubonyeza.

Darasani kwetu kuna msichana mmoja ambaye ni mweusi kuliko sisi wote. Mwaka juzi picha ilipotoka hakuonekana uso, yalionekana meno na kola ya shati. Tangu siku hiyo anaitwa Meno. Mwaka jana Bwana Tabasamu aliinua kichwa kutoka kwenye kamera yake akasema, "Wewe wa mwisho huko nyuma, cheka basi tujue ulipo!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa zamu aliangalia pembeni akajikohoza. Meno naye akacheka, maana angefanya nini?

Juzi Kiranja wetu alimshauri Meno ajipake poda nyeupe siku ya picha itakapofika. Alisema kwa wema kabisa, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Bwana Tabasamu alipokuja kupanga tarehe na Mwalimu Mkuu nilimfuata nikamuuliza kwa adabu kama hawezi kufanya lolote. Alinipigapiga begani akasema, "Mwanangu, mashine ni mashine. Haijui kubembeleza."

Lakini Shangazi, wewe umepiga watu picha kwa filamu miaka yote. Nimefungua albamu ya Bibi. Bibi alikuwa mweusi kuliko Meno, na kwenye picha zako naona mpaka mstari wa wanja, naona na ile alama ndogo juu ya mdomo. Kwa hiyo inawezekana. Nataka kupiga picha ya darasa letu kwa filamu ya rangi. Duka la picha hapa mjini bado linauza na kusafisha. Zipo aina tatu kwenye kioo na sijui hata moja.

Nimeweka ndani picha ya mwaka jana. Meno ni yule wa mwisho kabisa, mstari wa nyuma, upande wa kulia. Nichague filamu ipi?

Wako mtiifu,
Chiriku


Tarehe 15 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako ndiyo, nakula nimesimama, na bado sijafa.

Picha nimeipata. Kwanza nilikutafuta wewe. Nilipita mstari wa mbele, wa kati, wa nyuma. Nikachukua kioo cha kukuzia nikapita tena, sura kwa sura, kama anayechambua mchele. Sikukuona. Nikajiambia, labda siku hiyo aliumwa.

Kisha nikarudi kwa yule wa mwisho, huyo uliyesema anaitwa Meno, nikayatazama hayo meno. La mbele la kushoto limempanda mwenzake kidogo. Jino hilo nalijua. La utoto liling'oka kwenye ngazi za nyumba hii, nikakubeba mbiombio huku unapiga kelele mtaa mzima, na likaota upya kwa kupinda.

Chiriku, mimi niliyekuogesha nimekupita mara mbili bila kukujua. Halafu unaniandikia kwamba maneno ya Kiranja yalimuuma Meno. Nani alikuambia yaliuma? Nimekasirika, tena sana, lakini si kwako.

Basi kaa vizuri usikilize. Mashine haijui kubembeleza, sawa. Ila anayeishika ana kichwa, au alitakiwa kuwa nacho.

Dukani watakuonyesha filamu tatu. Moja ina rangi kali, kila kitu kinawaka. Hiyo ni ya maua na vitambaa, iache. Ya pili ni ya namba mia. Si mbaya, lakini inataka jua la kutosha, na wewe jua hulitaki, utapiga kivulini. Chukua ya namba mia nne, ile iliyotengenezewa sura za watu. Rangi zake zimetulia. Soma tarehe ya mwisho kwenye boksi. Muuzaji akikuambia "hii imepita juzi tu," mwambie na yeye apite.

Boksi litasema mia nne, lakini wewe kamera itegeshe mia mbili ili filamu ipate mwanga mara mbili. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema filamu ya rangi ni mgeni mwenye njaa. Ukimzidishia hanuni. Ukimpunja, atakutangaza. Ukiinyima mwanga, penye weusi panageuka matope, na hakuna fundi duniani anayeweza kuchapa uso kutoka kwenye matope.

Na usipime mwanga kwenye mashati wala ukutani. Mshale wa kupimia mwanga ukiona weupe utasema mwanga umetosha, na wewe utafunga tundu la kamera. Hivyo ndivyo wanavyokupoteza. Pima kwenye ngozi iliyo nyeusi kuliko zote. Hiyo unayo. Nyoosha mkono wako kwenye kivuli kile mtakamosimama, mgongo wa kiganja uelekee kamera, ujaze kioo kizima cha kutazamia, upime hapo. Mashati yatajitegemea.

Kamera nimeitia kwenye kifurushi. Ninazo tatu, hii hainipungukii. Nimekuwekea na pesa kidogo za kununulia filamu mbili, moja ya kujifunzia.

Jambo la mwisho. Simama palepale, mwisho wa mstari wa nyuma. Usisogee mbele hata hatua moja.

Shangazi yako


Tarehe 29 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani. Niliapa kukuambia yote, na kilicho kikubwa nikakificha. Kuandika "Meno" kulikuwa rahisi kuliko kuandika "mimi." Basi sasa naandika. Nataka mimi nionekane kwenye ukuta ule, mimi na uso wangu, bila poda.

Kamera imefika salama. Baba aliishika muda mrefu, akaifuta kwa shati lake, akasema, "Hii ndiyo kamera pekee aliyobaki nayo." Nikamwambia, "Lakini amesema anazo tatu." Baba akacheka kwa pua. Shangazi, nani mkweli?

Dukani mambo yalikuwa hivi. Muuzaji alinitazama kuanzia viatu.

"Filamu? Binti, siku hizi watu wanatumia simu."

"Naomba ya rangi, mia nne, ya sura za watu. Tarehe isiwe imepita."

Akaniletea ile kali. "Chukua hii. Hii ndiyo inapendwa. Inang'arisha."

"Sitaki kung'arishwa," nikasema.

Alikwenda nyuma akarudi na niliyoitaka, nikanunua mbili.

Kwa Mwalimu Mkuu nilikwenda na mwenzangu wa dawati, tunayemwita Pacha kwa sababu hatuachani. Mwalimu alikuwa anasahihisha, hakuinua kalamu.

"Picha ya darasa ni moja," akasema. "Bwana yule ana mkataba na shule."

"Siombi mkataba, Mwalimu. Naomba dakika chache akishamaliza."

"Ya nini?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba, ikanitoka yote kichwani. Pacha ndiye aliyesema, "Ili tuwepo wote, Mwalimu." Mwalimu Mkuu alimtazama Pacha, akanitazama mimi, akarudi kwenye madaftari. "Mradi msile muda wa kipindi." Nimeichukua kama ruhusa.

Sasa habari mbaya. Kwa filamu ya kujifunzia nilimpiga Mama akiwa anashona, Pacha, paka wa jirani, mkono wangu, Baba amelala na gazeti usoni. Nilipima kila kitu ulivyosema. Nilipokwenda kuichukua, msafishaji alinikabidhi utepe mtupu. Hakuna hata paka. "Hapa hujapiga kitu, dada," akasema, na wateja wakageuka kunitazama. Mimi nilisikia mlio kila nilipobonyeza! Nimebakiwa na filamu moja, na picha ni tarehe 22 Aprili. Nimekosea wapi?

Chiriku


Tarehe 8 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Acha kulia. Kabla hujapiga picha hata moja ulishakosea, na ni kosa la heshima, hata fundi wangu lilimpata. Alipiga harusi nzima na filamu haikuwa imeshika. Ikabidi awaite maharusi siku ya pili wavae tena, waje na keki mpya. Lakini usiku walikuwa wameshagombana. Ndiyo maana kwenye albamu ile bwana harusi anatazama mlango na bibi harusi anatazama dari.

Ulimi wa filamu, ile ncha yake ya mwanzo, ulichomoka kwenye kile kigurudumu cha kulia. Ukivuta wenzo, kile kimkono cha kusogezea filamu, kamera inavuta hewa. Na mlio utausikia vilevile, maana kamera hulia hata ikiwa na njaa. Safari hii ukishafunga mgongo wa kamera, tazama kile kidude cha mviringo upande wa kushoto, cha kurudishia mkanda. Kikaze taratibu mpaka kigome. Kisha vuta wenzo. Kidude kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, fungua uanze upya. Kitazame kila unapovuta, mpaka siku utakapozeeka.

La pili. Nimeitazama tena ile picha. Huyo bwana anawapanga kwenye ngazi za ukumbi, walio mbele wako juani na walio nyuma wako chini ya paa. Akipima jua, nyuma mnazama. Watoe pale. Tafuta upande wa jengo usio na jua kabisa lakini wenye anga wazi mbele, ili wote muwe kwenye kivuli kimoja. Mstari wa nyuma wapande benchi.

Usimpe mtu abonyeze. Weka kamera juu ya madawati mawili yaliyopandana. Mbele ya kamera kuna kijiti, kishushe chote, bonyeza, kitaanza kunguruma. Kimbia ukasimame. Kitajipiga chenyewe. Rudia mpaka filamu iishe, maana daima kuna anayefumba macho.

Na mwambie baba yako alizaliwa baada yangu, kwa hiyo kuna vitu vyangu hajawahi kuviona.

Shangazi yako


Tarehe 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nitaandika kifupi.

Nilifanya yote. Kidude kilizunguka, nilikitazama mpaka macho yakauma. Bwana Tabasamu alipomaliza kwenye ngazi, niliwahamishia wenzangu nyuma ya maktaba, kwenye kivuli. Alinifuata akasimama amekunja mikono. "Giza hilo, mwanangu? Utapiga popo." Watu wakacheka. Nilipima mkono wangu. Nikashusha kijiti, nikakimbia, nikajikwaa, nikarudia. Na kila safari, tangu kule kwenye ngazi, nilifunga mdomo, makusudi. Nilijiambia wakinitaka, wanione uso.

Picha nimeichukua jana. Mashati yametoka ya kijivu kama yameoshwa kwa maji ya mtaro. Na mwisho wa mstari wa nyuma kuna kola. Hakuna uso, na safari hii hata meno hakuna. Zamani nilikuwa meno, sasa ni pengo.

Kiranja aliiangalia, akanishika mkono akasema, "Si nilikuambia poda?"

Kamera nitairudisha kwa posta wiki ijayo. Nakushukuru kwa wema wako. Labda Bwana Tabasamu alisema kweli. Labda ni mimi.

Chiriku


Tarehe 9 Mei

We Chiriku,

Kamera ikifika hapa siipokei. Italala posta mpaka iote kutu, na dhambi itakuwa yako.

"Labda ni mimi." Maneno hayo usiniandikie tena, wala usiyaandike popote.

Nijibu. Siku ile mlivaa mashati ya kijivu? Mlivaa meupe. Basi karatasi hiyo imedanganya kuhusu mashati. Kwa nini uiamini kuhusu uso wako?

Mashine ya kuchapia inatazama picha nzima kwa mkupuo. Imeona mashati mengi meupe, ikadhani picha imezidi weupe, ikatia giza kila kitu ili mambo yalingane. Na aliyeisimamia alikuwa anakunywa chai. Hilo ni kosa la karatasi. Ulichopiga wewe kiko kwenye negativu, ule utepe wa filamu iliyosafishwa, na hujaniambia umeitazama.

Itoe kwenye mfuko wake. Ishike pembeni, usiiguse katikati. Iinue dirishani. Ni ya rangi ya chungwa na kila kitu kiko kinyume. Mashati ni meusi, na wewe, usicheke, ndiye mweupe kuliko darasa zima. Chukua kioo cha kukuzia, kama hamna azima kwa fundi saa. Tafuta nyusi zako. Tafuta pua, na ukingo wa sikio. Zikiwa hazipo, mimi ndiye niliyekufundisha vibaya, nitakuja huko nikuombe radhi mbele ya Kiranja wako. Zikiwepo, uso upo, na asitokee mtu wa kukuambia haupo.

Kisha rudi dukani na negativu yako. Mwambie achape kwa mkono wake, aifanye nyepesi mpaka mashati yawe meupe. Usiombe. Dai.

Shangazi yako anayekusubiri


Tarehe 21 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba. Sasa nakuambia yote, kweli yote.

Barua yako niliisoma nimesimama, kama wewe unavyokula. Nikainua negativu dirishani. Fundi saa wa kona aliniazima kile kioo anachobana jichoni. Shangazi, nyusi zipo. Pua ipo. Lipo hata kovu la tetekuwanga kwenye paji, ambalo mimi mwenyewe nilishalisahau. Nilikaa kitandani, nikacheka peke yangu mpaka Mama akaja kuniuliza kuna nini. Nikampa kioo. Alitazama, akaniambia, "Umefanana na Bibi yako," akaondoka haraka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu.

Dukani palijaa. Nilisubiri zamu yangu, nikaweka picha na negativu mezani.

"Naomba ichapwe upya."

Msafishaji akaiangalia. "Hii imetoka vizuri. Tatizo ni mtu mwenyewe, dada. Ni mweusi mno."

Watu walikuwa nyuma yangu. Nikasema, "Mtu mwenyewe ni mimi. Nione hapa mbele yako. Naonekana au sionekani?"

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Anaonekana vizuri tu!" Mwingine akasema, "Tena mrembo."

"Na shati hili ni la rangi gani?" Nilikwenda na sare makusudi.

"Jeupe."

"Kwenye picha yako ni la kijivu. Mashine imeona mashati, ikatia giza." Nikampa kioo cha fundi saa. "Tazama mwisho wa mstari wa nyuma. Uso upo. Utoe."

Alitazama muda mrefu. Hakuniomba radhi, lakini aliingia ndani na negativu, akamfukuza kijana wake kwenye mashine, akaishika mwenyewe. Ya kwanza alipoileta nikasema bado. Ya pili nikasema bado. "Unanimalizia karatasi, dada!" akalalamika. "Mashati yawe meupe," nikasema, "hapo nitakwenda nyumbani." Ya tatu alikaa nayo kidogo kabla ya kunipa, akaigeuza huku na huku. Akasema polepole, "Kumbe ilikuwepo." Ya nne niliiagiza mimi, kwa ajili yako.

Shuleni ilipita mkono kwa mkono mpaka nikaogopa itachanika. Ajabu ni kwamba hawakunitazama mimi tu. Kila mtu alijikuta. Pacha aliona vishimo vyake vya mashavuni. Kiranja aliisogeza karibu na macho, halafu akasema, "Kwenye ile ya Bwana Tabasamu mimi nimekuwa kama niliyepakwa unga." Hakusema kitu kuhusu poda. Alisema tu, "Twende ofisini."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaiweka ya Bwana Tabasamu kwenye fremu, na majina chini yake. Alitusikiliza, akasema, "Hii yenu ni nzuri, hongereni. Lakini utaratibu ni utaratibu. Inayotundikwa ni ya shule."

Nikajisikia nasema, "Basi, Mwalimu, naomba jina langu lifutwe hapo chini."

"Lifutwe kwa nini?"

"Kwa sababu mwenye jina hilo hayumo kwenye picha."

Kiranja akavuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Mimi mwenyewe nilishangaa sauti yangu imetoka wapi. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaivuta fremu karibu. Kidole chake kilitembea kwenye majina mpaka la mwisho la mstari wa nyuma, kikapanda juu kunitafuta. Kilisimama kwenye kola. Kilikaa hapo.

"Mwende darasani," akasema. Tukaenda, picha yetu tukaiacha mezani pake. Nilikuwa na hakika nitaitwa pamoja na mzazi.

Sikuitwa. Jumatatu tulipofika, yetu ndiyo iliyokuwa ukutani. Imepinda kidogo upande wa kushoto, nami sithubutu kuinyoosha, nisije nikaiangusha. Bwana Tabasamu alipita kuchukua malipo yake akaiona. Alisimama pale na begi lake. Akaniuliza, "Ulipima wapi?" Nikamwonyesha mgongo wa mkono wangu. Hakuelewa, au hakutaka. Wengine bado wananiita Meno. Naitika nikipenda. Watoto wa darasa la kwanza husimama pale wakati wa mapumziko, na jana mmoja alimuuliza mwenzake, "Huyu wa mwisho ni nani?" Nilikuwa nyuma yao. Nikasema, "Ni mimi." Wakatazama ukutani, wakanitazama, wakasema, "Aa, kweli!" wakakimbia.

Baba anasema nikuulize tena kuhusu kamera tatu. Mimi sikuulizi, maana nadhani nimeshajua. Nitaitunza kama jicho langu, na filamu ijayo nitakupiga wewe, ukiwa umekaa chini unakula.

Lakini kuna swali moja ambalo lazima unijibu kwa posta ya kurudi, usingoje hata kesho. Picha yako ni hii hapa ndani. Sikuweka alama, mahali niliposimama unapajua, lakini nimefunga mdomo, kwa hiyo hakuna jino la kukusaidia. Ulipoitoa kwenye bahasha, Shangazi, kabla hujagusa kioo chochote, uliniona?

Wako,
Chiriku